Ubao wa Mtaro wa Tata

Ubao niliuondoa mimi.

Nimeliandika hili mwanzoni kabisa kwa sababu najijua. Nikiliacha hadi ukurasa wa tatu, nitapata njia ya kulizunguka. Nitaweka utani hapa, maelezo ya lugha pale, na msomaji atafika mwisho akicheka, asijue kwamba ameibiwa. Nimefanya hivyo kwa karibu miaka arobaini: kwenye meza za chakula, kwenye mabweni ya shule, na mara moja mbele ya ukumbi uliojaa walimu wa lugha, nikiwa nimevaa miwani na kitenge cha heshima. Walimu walipiga makofi. Mmoja aliniomba nakala.

Hadithi niliyokuwa nikiisimulia ilikwenda hivi. Katika Kiswahili, baba ni mzazi wa kiume. Katika Ekegusii, lugha ya kwetu, baba ni mama. Mzazi wa kiume tunamwita tata. Basi nilipokuwa na umri wa miaka tisa, karani mgeni aliniuliza kwa Kiswahili ni nani anayetunza ubao wa mtaro wetu wa maji, nami kwa ushamba wangu nikajibu kwa lugha ya nyumbani: "Baba." Karani akaandika kwamba ni baba. Majirani wakasikia kwamba ni mama. Ubao wenyewe ulikuwa umeoza na kujing'okea, lakini kwa neno hilo moja kijiji kizima kikakosa taa za umeme. Hapo watu hucheka, halafu hutikisa vichwa, halafu husema lugha ni kitu cha ajabu.

Lugha haikuwa na kosa. Ubao haukuwa umeoza. Karani hakuuliza ni nani anayeutunza; aliuliza ni nani aliyeutoa. Nami nilikuwa nakijua Kiswahili vizuri kuliko mtoto yeyote wa shule yetu, na nilijivunia jambo hilo kwa namna ya kuchukiza.

Nyumba yetu ilikuwa juu ya kijito, mwendo wa kama saa moja kwa miguu kutoka Nyaramba. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, tata alirudi na koti la jeshi, spana moja kubwa, na wazo. Alikuwa amehudumu katika kikosi cha mafundi, ambako kazi yake, kwa maelezo yake mwenyewe, ilikuwa kubeba vyuma vya watu wengine. Lakini huko, katika nchi ambayo hakuwahi kulitamka jina lake kwa namna moja mara mbili, aliona hospitali ya kambi ikiwashiwa taa na mto. Hakuna mafuta, hakuna kuni, hakuna moshi. Maji yalishuka, gurudumu likazunguka, na mgonjwa akaona sindano inakotoka.

"Maji yenyewe yalikuwa kidogo," alikuwa akiniambia. "Kidogo kuliko haya yetu."

Hilo ndilo lililomkosesha raha. Milima yetu ina maji mengi kuliko inavyohitaji. Kila bonde lina kijito, na vijito hivyo vilikuwa vinapita mbele ya nyumba zenye giza vikienda ziwani kuwafaa watu wengine.

Alianza na kinu cha maji. Hapo hakuwa wa kwanza. Wengi kwetu walikuwa wamejenga vinu vya kusagia katika miaka ya thelathini na arobaini, na watu walijua mtaro huchimbwa vipi. Juu ya nyumba, mahali kijito kilipokatwa na mwamba, tata aliweka ubao mnene wa kusimama. Ubao ukiwapo, maji yalizuiwa yakaingia mtaroni, yakapita ubavuni mwa kilima hadi kwenye gurudumu chini ya nyumba. Ukiutoa, maji yalirudi katika njia yake ya zamani, na mtaro ukakauka. Mtambo wote ulitegemea kipande hicho cha mti, chenye mpini wa kamba juu yake. Hata mtoto wa miaka tisa angeweza kukitoa, akitia bidii.

Sasa niseme habari za kinu, kwa sababu bila kinu hamtaelewa nilichokifanya, na natamani mnielewe kabla hamjanihukumu. Nilikuwa mtoto wa pekee. Siku hizi watu hulisema jambo hilo bila kushtuka. Kwetu, wakati huo, mtoto wa pekee alitazamwa kama kikombe kilichobaki baada ya seti kuvunjika. Walionitangulia hawakukaa, na walionifuata hawakukaa. Nyumba za jirani zilikuwa na watoto saba, tisa. Kwao mtu alilala akipigwa viwiko. Mimi nilikuwa na mkeka wangu mwenyewe.

Lakini nilikuwa na kinu. Wanawake walikuja na vikapu vya wimbi na mahindi tangu umande haujakauka, wakakaa kwenye nyasi kungoja zamu, na mabinti zao wakaja nao. Wawili kati ya mabinti hao walikuwa rafiki zangu, ingawa ukweli ni kwamba walikuwa rafiki wa foleni. Tulicheza mpaka unga wao ulipokwisha kusagwa. Jiwe lilipozunguka, ukigusa ukuta wa nyumba yetu uliusikia unatetemeka kidogo, kama tumbo la paka. Kwa mtetemo huo nilijua kwamba nje kuna watu.

Mama naye alipenda siku za kusaga, japo alijifanya analalamika. "Mimi nimeolewa na mto," aliwaambia wanawake. "Huyu mwanamume nimeazimwa tu."

"Na mto wenyewe unakupiga?" mmoja akauliza.

"Haunipigi. Lakini haunyamazi."

Wakacheka mpaka wengine wakalalia vikapu vyao. Kauli hiyo ya kuolewa na mto ilizunguka vilima vyote. Tafadhali ikumbukeni, itarudi.

Kisha tata akaenda mjini Kisii akarudi na dainamo. Aliipata kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi ambaye lori lake lilikuwa limekufa kwenye matope na likaachwa lichunwe kama ng'ombe. Tata aliibeba mgongoni njia nzima, akafika amepinda, akaiweka mezani mahali pa chakula. Mama aliitazama muda mrefu.

"Inakula nini?" akauliza.

"Haili. Inazungushwa."

"Afadhali. Maana kwenye meza imeshakaa."

Kwa habari za mtambo huo, tata alizungumza nami Kiswahili tu, kile cha jeshini. Alisema Ekegusii kingemchanganya, kwa kuwa kwetu taa ile iliitwa omorero, yaani moto, na moto ni kitu cha kuombwa kwa jirani bure. "Wewe leta spana," alikuwa akiniambia. "Hapana hiyo, ile ingine." Nami nikamjibu, "Ndiyo, baba." Kwa hiyo nilikuwa na baba wawili nyumbani: wa Ekegusii aliyekuwa jikoni, na wa Kiswahili aliyekuwa chini ya gurudumu. Mtoto asiye na ndugu huchezea anachokipata. Mimi nilichezea neno hilo. Nilijua barabara kwamba lina milango miwili.

Taa ya kwanza tata hakuiweka kwetu. Aliivuta kwa waya hadi kwa mjane aliyekuwa jirani yetu, mama mzee ambaye wote tulimwita magokoro, bibi. Balbu ilikuwa ya lori, ndogo kama yai la kwale, na mwanga wake ulikuwa wa manjano na wa wasiwasi. Kesho yake asubuhi magokoro alifika mlangoni kwetu ameshika kigae, kama watu walivyofanya wanapoomba makaa.

"Mwanangu," akamwambia tata, "nimekuja kuomba moto. Ule wa kwangu hauivishi hata yai."

"Magokoro, ule si wa kupikia."

"Aa! Basi umeniletea moto wa kutazama tu? Sasa wageni watajua nimekula nini."

Alikuwa anamtania, na tata alilijua hilo, lakini alimweleza tena kwa utaratibu, tangu gurudumu hadi balbu, akichora kwa kijiti chini. Hakuwa na kipaji cha kutaniwa.

Mpango wake ulikuwa huu. Kila nyumba itakayotaka taa itatoa mtu mmoja, siku moja kwa mwezi, kusafisha mtaro. Basi. Aliuiga kutoka kwa risaga, ule utaratibu wetu wa majirani kulima leo shamba la mmoja na kesho la mwingine. Mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa na nyumba ya mabati na redio isiyofanya kazi, alimshauri aweke taa kwa watu wachache wenye uwezo, wampe kitu cha maana.

"Mto unapita kwa kila mtu," tata akamjibu.

"Omogaka," akasema, kama tunavyowaita wazee kwa heshima, "mto unapita kwa kila mtu, lakini waya ni wako."

"Waya nitanunua ingine."

Nyumba nne zilipata taa, yetu ikiwamo. Watu walikuja kwenye mtaro na majembe yao, na kwa wiki chache tata alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote niliowahi kuwajua. Ningependa kusema kwamba nilifurahi naye.

Tatizo lilikuwa mkanda. Gurudumu lilikuwa moja, mkanda ulikuwa mmoja. Ukiwa kwenye jiwe, ulisaga. Ukiwa kwenye dainamo, uliwasha. Kuuhamisha ilikuwa kazi ya nusu siku na matusi ya kijeshi. Tata alisema atajenga gurudumu la pili akishapata ruhusa ya serikali ya kutumia maji, na wakaguzi wangetaka kuona taa, si unga. Hivyo mkanda ukakaa kwenye dainamo. Wanawake walingoja siku mbili tatu, wakanung'unika, wakapandisha vikapu vyao na kwenda kwenye kinu cha upande wa pili wa kilima. Mabinti zao wakaenda nao.

Ukuta ukaacha kutetemeka.

Nilikuwa mtoto wa kwanza kijijini kusoma chini ya balbu, na wa kwanza kukosa mtu wa kumsomea. Nilikaa chini ya ule mwanga wa manjano baada ya shule, mama jikoni, tata kwenye gurudumu, nikiusikiliza uwanja wetu. Kuku. Upepo kwenye migomba. Nilifika mahali pa kulisomea jiwe la kusagia. Nililikalia na kulisomea kitabu chote cha darasa la tatu, pamoja na mazoezi.

Siku ya ukaguzi ilikuwa katikati ya juma, alasiri, na mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye migomba kama kawaida yake kabla ya mvua. Alikuja Mzungu mmoja wa habari za maji, mrefu, mpole, mwenye mafua. Alikuja na karani wake, kijana msafi wa kutoka kando ya ziwa, aliyezungumza Kiingereza na Kiswahili lakini Ekegusii hakijui hata cha kusalimia. Majirani walijaa uwanjani. Tata alikuwa amemwomba mzee wa kanisa awapokee wageni nyumbani, kwa kuwa yeye mwenyewe alitaka kuwa chini kwenye gurudumu, kuushika mkanda usiteleze. Mama alikuwa shambani nyuma ya nyumba, akikata majani ya migomba ya kufunikia chakula cha wageni.

Mimi nilikuwa nimeshaamua. Hoja yangu ilikuwa safi, kama hoja za watoto zinavyokuwa. Taa ikizimika mbele ya Mzungu, Mzungu atasema taa haifai. Tata ataurudisha mkanda kwenye jiwe. Wanawake watarudi. Nimewahi kuandika makala ndefu zenye hoja dhaifu kuliko hiyo.

Wageni walipoingia ndani na mlango ukafungwa ili mwanga uonekane, nilipanda mbio hadi kwenye mwamba. Niliingia majini hadi kiunoni, nikaishika kamba kwa mikono miwili, nikavuta. Ubao uligoma, kisha ukaja wote kwa pamoja ukanisukuma hadi kwenye tope la ukingo. Kijito kiliguna na kurudi njia yake ya zamani, na nikaona maji ya mtaroni yanaanza kupungua pembeni, taratibu. Maji yaliyokuwa yameshaingia yalikuwa bado na safari hadi kwenye gurudumu. Nilikimbia kushindana nayo, na nilishinda. Nilifika uwanjani nikajipenyeza mlangoni nyuma ya watu, na balbu ilikuwa bado inawaka.

Nikaiona ikifa. Haikuzimika ghafla kama taa za siku hizi. Ilianza kuwa ya machungwa, kisha nyekundu, kisha ikabaki uzi mmoja mdogo, kama mtu anayejitahidi kukumbuka jina. Kisha kukawa na giza, na harufu ya makoti yenye unyevu, na Mzungu akapiga chafya.

Tulitoka nje. Watu walikuwa wamekwisha kupanda kutazama mtaro, na sauti zikashuka kutoka kwenye mwamba: ubao umetolewa! Umetupwa kando! Tata alipandisha kilima kutoka kwenye gurudumu mikono imejaa grisi, akapita mbele yetu bila kumtazama mtu, akaenda kuuona mwenyewe. Karani alibaki na daftari lake. Kijana yule alikuwa na macho makini. Aliyashusha hadi kwenye gauni langu.

"Wewe msichana. Umelowa mpaka kiunoni. Umetoka huko kwa maji?"

"Ndiyo, bwana."

"Basi umeona. Usiogope. Ni nani ametoa ubao?"

Ningependa kusema ulimi uliteleza. Ulimi wangu haukuteleza. Ulitazama kushoto na kulia kwanza, kama mtu anayevuka barabara. Mbele yangu alikuwa mgeni wa Kiswahili. Nyuma yangu walikuwa majirani wa Ekegusii. Mama alikuwa anatokea nyuma ya nyumba, kifuani amekumbatia rundo la majani ya migomba. Nilihitaji jibu ambalo, yeyote akiniuliza baadaye, ningeweza kusema sikumaanisha huyo, nilimaanisha yule mwingine.

"Baba," nikasema.

Karani aliandika. Alionekana kusikitika, alitikisa kichwa, kama mtu aliyetegemea mambo mazuri kutoka kwa fundi yule.

Nyuma yangu palilipuka.

"Mama yake! Mtoto anasema ni mama yake!"

"Nani asiyejua? Si alisema ameolewa na mto? Leo ameupa talaka!"

"Aibu gani hii, mbele ya wageni!"

Mama alisimama. Alinitazama usoni, kisha akalitazama gauni langu, kisha akautazama uso wangu tena. Nilingoja aseme kwamba mtoto huyu ni mwongo. Aliyaweka majani chini polepole.

"Haya," akasema. "Waite wageni waje kula. Chakula kinapoa."

Barua ilifika baada ya wiki kadhaa. Ilikuwa ya Kiingereza, na mzee wa kanisa aliisoma uwanjani kwetu akiitafsiri sentensi moja moja, kwa sauti ya mahubiri. Ilisema kwamba mtambo una manufaa, lakini mwombaji mwenyewe, kwa ushahidi wa mtu wa nyumbani mwake, aliuondoa ubao wakati wa ukaguzi, na kwa hiyo hawezi kukabidhiwa maji ya watu wote. Ilisema pia kwamba hadi ruhusa itakapotolewa, maji yasiingizwe mtaroni kwa kazi yoyote.

Kazi yoyote. Hata kusaga.

"Lakini hapa wamekosea!" mzee akasema. "Wameandika ni wewe. Kila mtu anajua ni mkeo. Omogaka, nenda Kisii ukawaeleze. Watakubadilishia."

Tata aliichukua barua, akaikunja mara nne, akaitia kwenye kopo la misumari.

"Imeandikwa," akasema.

"Imeandikwa vibaya!"

"Basi imeandikwa vibaya."

Hakwenda Kisii. Aliutoa mkanda, akaupaka mafuta, akautundika ukutani, na pale ulikaa mpaka ukawa mgumu kama ubao wenyewe. Waya alizikunja. Magokoro alirudisha balbu yake imefungwa kwenye jani, na safari hii hakutania. Gurudumu lilioza upande mmoja, likainama. Wanawake hawakurudi, kwa kuwa hapakuwa na cha kurudia, na kwa kuwa mama alikuwa sasa mwanamke aliyemkaushia mumewe mto. Kanisani, siku za Sabato, benchi alilokalia lilibaki na nafasi pande zote mbili. Sikuwahi kumsikia akijitetea. Nilikaa naye kwenye benchi hilo, kwenye nafasi yote ile, na sikuwahi kusema neno.

Watu huniuliza nilianzaje kupenda vitabu, na nina jibu zuri kuhusu mwalimu mmoja. Jibu la kweli ni kwamba hapakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye.

Nikaenda shule ya bweni, kisha chuo kikuu, mmoja wa wasichana wachache sana wa vilima vyetu waliofika huko. Kila nilipoondoka, tata alinisindikiza hadi barabarani akiwa amebeba sanduku langu begani. Njiani tulizungumza Ekegusii, habari za ng'ombe na za mvua. Lakini tulipofika, alilitua sanduku, akajifuta mikono, na akaniuliza kwa Kiswahili chake cha jeshini:

"Hakuna ingine?"

Nilidhani ni maneno ya stoo ya jeshi, yale anayoambiwa askari akishapokea blanketi na sufuria. Nilimwona mzee wa kuchekesha. Marafiki zangu wa chuoni walijua kumwiga.

"Hakuna, tata," nikamjibu kila mara.

Alitikisa kichwa, akanipa mkono, akarudi. Sikumwona akigeuka nyuma.

Mara ya mwisho alikuwa kwenye kitanda cha hospitali ya misheni, amekuwa mdogo, mikono yake iliyokuwa na grisi siku zote ikiwa safi kwa namna iliyonitisha. Niliposimama kuondoka alitikisa kidole nisogee.

"Hakuna ingine?"

Nilikuwa mtu mzima. Nilikuwa na shahada. Nilikuwa na matatu ya kuwahi, au nilijiambia hivyo.

"Hakuna, tata."

Alikufa, na mimi nikabaki na swali moja ambalo sikuweza kulifanyia utani: je, alikwenda kaburini akiamini kwamba mke wake ndiye aliyemvunjia kazi ya maisha yake? Walikuwa wameishi pamoja miaka yote ile chini ya ule mkanda uliotundikwa. Sikuwahi kuwaona wakigombana. Lakini watu wanaweza kunyamaziana kwa adabu mpaka wakafa, na mimi niliyekuwa nimelipanda jambo lenyewe sikuwa na haki ya kumuuliza mama limeota nini. Nikawa nakwenda nyumbani mara chache zaidi, kisha mara chache kuliko hizo. Nilikodi nyumba Nairobi yenye taa katika kila chumba, hata ya ndani ya kabati, na jioni niliziwasha zote.

Mama alinipigia simu mwaka huu, siku ya Jumapili asubuhi. Hapendi simu. Huipiga kutoka dukani Nyaramba, na huizungumzia kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde.

"Wamefika watu wa stima!" akapaza sauti. "Wameleta nguzo mpaka kwa magokoro!" Magokoro alikuwa amekufa zamani, lakini kwake pamebaki kwa magokoro. "Wanataka kuingiza na kwangu. Wanauliza swichi ikae wapi. Nimewaambia wangoje nimuulize mtoto."

"Mimi najua nini, baba?" nikasema. Nilimwita hivyo kwa Ekegusii, kama kawaida, nikazigeuza karatasi zilizokuwa mezani mbele yangu, kwa sababu wiki hiyo nilikuwa nimeombwa kuisimulia tena ile hadithi.

"Wewe ndiye unayejua mambo ya kuwasha na kuzima," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Upande ule kulikuwa na redio ya duka, na mtu anayepima sukari.

"Unasema?"

"Nilikuwa kwenye migomba. Nilikuona unapanda mbio, nikakuona unashuka mbio. Gauni la bluu. Nililifua mara tatu lile tope likakataa kutoka."

Nilikaa chini. Nilipouliza, sauti yangu ilikuwa ya miaka tisa.

"Na tata? Tata alijua?"

"Nilimwambia jioni ile ile, kabla ya ugali. Ningemficha nini? Alidhani ni mimi kwa muda wa kupika maji tu."

"Akasema nini?"

"Aliifuta spana kwanza. Unamjua. Kisha akaanza kucheka, nikadhani amepotewa na akili. Akasema, mtoto huyu ametutaja sisi wote wawili kwa neno moja, basi tugawane. Wewe chukua majirani, mimi nitachukua serikali."

Mtu wa dukani alimwambia kitu, naye akamjibu kwamba hajamaliza.

"Nilimwambia akuulize," akaendelea. "Akasema hapana, mtoto akilazimishwa atatafuta neno lingine. Akasema atakufungulia mlango tu, kila unapoondoka, kwa lugha ile ile uliyofungia. Nikamwambia mwanamume, utachoka. Hakuchoka. Mimi ndiye niliyechoka, na ndiyo maana nakupigia. Sitaki kuwashiwa taa na watu wa serikali kabla jambo la taa yetu halijaisha."

Nilimsikia akipumua. Nilimsikia pia, nyuma yake, yule mtu wa sukari akiuliza kama mama amepata jibu la swichi.

"Sasa," mama akasema, na ndipo akakiacha Ekegusii, akatumia Kiswahili, yeye ambaye hana maneno ishirini ya Kiswahili. Aliyatamka kama alivyoyatamka tata, kila moja mahali pake. "Hakuna ingine?"

"Iko," nikasema. "Iko, baba. Ubao niliutoa mimi."

"Eeh," akasema. "Basi swichi ikae wapi?"

Nikamwambia ikae kando ya mlango, chini ya mkanda.